Taka Hazina Likizo

Wanafunzi walimwita Mama Moshi, naye aliitika. Angekasirikaje, ilhali moshi ndio uliomtangulia kila alikokwenda? Akiingia dukani, muuzaji aliinua pua kabla ya kuinua macho, akasema, "Karibu, mama. Shuleni hawajambo?"

Alianza kupika katika shule ile kitindamimba wake akiwa mgongoni, na kitindamimba huyo sasa ana ndevu. Jiko lilikuwa chumba cha matofali chenye dirisha dogo na mafiga makubwa, kuta zake nyeusi tititi. Ukiegemea, unaondoka umepigwa chapa. Kila alfajiri Mama Moshi aliinama, akapuliza, akalia. Hakulia kwa huzuni. Machozi yalikuwa sehemu ya kazi, kama mwiko.

Lakini mwaka ule machozi yakaanza kumtoka hata kitandani. Daktari wa macho akamwinua kidevu, akammulika, wala hakuzunguka mbuyu.

"Mama, chagua. Moshi au macho."

Mumewe, fundi baiskeli, alizisikia habari hizo akiwa amepakata gurudumu.

"Acha kazi, mke wangu. Tutakula tutakachopata."

"Nikiacha, wale watoto atawapikia nani?"

"Atapatikana mwingine."

"Na huyo mwingine hana macho?"

Mume akaendelea kuziba pancha. Mwishowe wakakubaliana: muhula ukiisha na jiko likiwa ni lilelile, Mama Moshi anatundika mwiko.

Tumaini lilikuwa moja tu. Mwalimu wa sayansi, kijana mwembamba aliyeitwa Profesa kwa sababu alitembea huku akijisemea, alikuwa ameomba ruzuku kwenye mfuko wa mazingira unaofadhili shule na majirani zake. Alitaka mtambo wa bayogesi. Alimweleza mpishi kwa mikono yote miwili: shimo linajengwa chini ya ardhi, maganda na makombo yanaozea humo, gesi inapanda kwa bomba hadi jikoni. Hakuna kuni. Hakuna moshi!

"Wenye mfuko watakuja kukagua," alisema. "Wanataka kuona taka, mama. Ndizo chakula cha mtambo. Usitupe hata ganda."

Hakutupa. Wiki nzima alijaza mapipa nyuma ya jiko. Hata hivyo, siku ya ugeni ilipofika, alitoka nje na harufu ikampokea mlangoni. Nzi walikuwa wameshafungua mkutano. Mama Moshi alilelewa na mama aliyefagia uwanja mara mbili akisikia mgeni yu njiani. Mgeni aje akute funza? Atachekwa nani, kama si mpishi?

Na kama aliyeitwa, shemeji yake, mdogo wa mumewe, akapita akisukuma mkokoteni wake kuelekea sokoni.

"Shemeji, simama! Nichukulie haya, ukayamwage huko."

Taka zikaondoka. Mama Moshi akayasugua mapipa kwa sabuni mpaka yakang'aa, akanyunyiza maji uwanjani, akafunga aproni safi. Alikuwa amesimama hapo, kidevu juu, Profesa alipotokea na wageni wawili: mama mmoja wa miwani asiyecheka ovyo, na kijana aliyebeba mizani.

"Na hapa," alisema Profesa, akinyoosha mkono kama anayefungua pazia, "ndipo tunapohifadhi malighafi..." Akachungulia pipani. Pipa likamnukia sabuni.

"Mama. Taka ziko wapi?"

"Nimeshazitoa, mwanangu. Pasafi, sivyo?"

Profesa akashika kichwa. Ndipo Mama Moshi alipoelewa alichokifanya.

"Kwa hiyo taka hamna," alisema mama wa miwani.

"Tunazo! Yaani, tulikuwa nazo!"

"Tuseme mlikuwa nazo. Shule ikifungwa je? Mtambo huu ni kama ng'ombe, mwalimu, unakula kila siku. Likizo nzima utaulisha nini? Shule nyingi hukwama hapo. Likizo ya kwanza tu, mtambo umekufa."

Hilo Profesa hakuwa amelifikiria. Kijana wa mizani akaanza kukunja kamba zake.

Mama Moshi akachomoa simu chini ya aproni.

"Shemeji! Geuza mkokoteni!"

"Kulikoni? Nani amekufa?"

"Rudisha taka zangu!"

Kicheko. "Shemeji, leo umevuta moshi wa mti gani?"

"Usinichezee! Wageni wamekuja kuziona."

"Nimeshazimwaga. Na wewe wajua, maji yakimwagika..."

"Maji ndiyo hayazoleki! Maganda yanazoleka! Zoa, shemeji, zoa! Macho yangu yamo humo!"

Akawageukia wageni kwa sauti nyingine kabisa. "Kaeni, wanangu. Mgeni haondoki na koo kavu. Chai inakuja."

Mama wa miwani alimfuata jikoni amwambie asisumbuke. Hakumaliza sentensi. Alitoka anakohoa, machozi mashavuni, akaketi kwenye benchi akifuta miwani. Chai akaipokea.

Sasa, shemeji huongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, hivyo soko zima lilikuwa limesikia kwamba kuna mtu anataka taka. Chai haijapoa, lango likatikisika. Shemeji mbele, jasho likimchuruzika, mkokoteni umefurika. Nyuma yake muuza nyanya, beseni kichwani, na nyuma ya muuza nyanya wanawake wenye magunia ya majani ya kabichi, maganda ya ndizi, maembe yaliyopondeka.

"Tumeambiwa hapa taka zinatafutwa," alisema muuza nyanya. "Ni kweli, au ni wazimu wa huyu?"

"Ni kweli, dada!" alipiga kelele Mama Moshi.

"Basi chukueni! Zinatulalia miguuni pale sokoni, wateja wanaziruka kama madimbwi."

Kijana akafungua kamba zake upesi. Gunia la kwanza likaning'inia, mshale ukaruka, ukaenda kukwama mwisho. Akacheka peke yake.

"Hizi ni za leo," alisema mama wa miwani. Alikuwa ameshasimama. "Na kesho?"

"Kwani nyanya huoza kwa ruhusa ya nani?"

"Shule ikifungwa?"

Muuza nyanya akashika kiuno. "Shule ifungwe, sisi tunafunga? Mama, taka hazina likizo!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na safari hii mama wa miwani hakubaki nyuma.

"Na nani atazileta?"

"Mimi," alisema shemeji. "Soko linanilipa nikazitupe kule bondeni. Hapa ni karibu. Mtakuwa mmeniokolea magoti."

Mama wa miwani akamgeukia Profesa. "Mwalimu, mbona haya hukuyaandika kwenye maombi yenu?"

"Ndiyo kwanza ninayajua, mama."

Ruzuku ikatoka. Wazazi walikuja na majembe, shimo likachimbwa kwa nyimbo na mabishano, bomba likapita chini ya uwanja mpaka jikoni, kuta zikapakwa chokaa. Muhula ulikuwa bado haujaisha.

Asubuhi ya kwanza Mama Moshi aliwasha kiberiti. Moto ukatoka wa buluu, mdogo, wenye adabu, ukikoroma polepole kama mtoto aliyeshiba. Akasubiri kulia. Machozi hayakuja. Akasubiri tena, akaona anacheka.

Wanafunzi wakaja mbio na vikombe, wakajipanga mstari dirishani. Walikuwa hawajaona moshi juu ya paa, wakadhani leo wanashinda njaa.

"Mama, leo hakuna uji?"

Akainua uso kutoka kwenye sufuria, akawatazama moja kwa moja katikati ya hewa isiyo na moshi.

"Upo. Ila wewe wa tatu, rudi ukanawe, una tongotongo. Na wewe nyuma huko, umeficha kikombe cha pili kwapani. Nakuona!"

Sauti ndogo ikanong'ona mstarini:

"Tumekwisha, jamani. Sasa anatuona."