Vipele Nilivyovizua

Miaka ile sikukaa mahali zaidi ya miezi minne. Niliacha shule darasa la sita huko Kigoma, na tangu hapo miguu ndiyo iliyokuwa ikiniamulia. Nilipofika Johannesburg nililala kwanza Rosettenville, chumba kimoja watu sita, kisha Kensington nyuma ya duka la matairi. Mwaka ule wa Kombe la Dunia na mavuvuzela nikahamia mtaa wa Yeoville, kwa mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akilea watoto wa watu nyumbani kwake. Nilimwita Dada. Alinipa kibanda cha uani kwa kodi ndogo, kwa makubaliano kwamba kila asubuhi, kabla sijaenda kutafuta vibarua, nifungue geti, nipokee watoto na kuangalia simu yake.

Watoto walikuwa saba. Mama zao walisuka nywele, walifagia ofisi, waliuza vitu barabarani. Mmoja aliletwa na baba yake, mlinzi. Mwanzoni Dada alisema mtoto asipokuja, hulipi. Basi akawa anapika uji wa watoto saba, wanakuja watatu, maana mama aliyekosa kazi siku hiyo alibaki na mwanawe. Mwenye nyumba naye hakujali wamekuja wangapi. Dada akabadilisha: siku ya kutokuja inalipwa, isipokuwa mtoto akiwa mgonjwa. Tangu wiki hiyo watoto wa Yeoville wakaanza kuugua, hasa Jumatatu.

Habari zilikuja kwa plizi-koli-mi, ule ujumbe wa bure ambao mtu asiye na salio huutuma ili apigiwe. Hakuna aliyepiga. Ilijulikana tu: ukituma mmoja, mtoto haji, ukituma mbili, anaumwa. Mimi napenda kujua kila kitu, nikamuuliza Dada kwa nini hadai kadi ya kliniki.

"Nimuombe mama mwenzangu karatasi?" akasema. "Mimi ni polisi wa mpaka?"

Alikuwa na njia yake ya kujua ukweli, na hakuiona kuwa ni njia. Mtoto akilala mgonjwa siku tatu, watu wanakwenda kumwona. Kwao ilikuwa hivyo, na hapa pia ikawa hivyo. Yeye hakuweza kuwaacha watoto, kwa hiyo alinituma mimi na machungwa.

Mwezi wa saba, wageni wa mpira walipokwisha kuondoka, simu ilileta jumbe mbili siku tatu mfululizo kutoka kwa mama mmoja Mrundi. Alikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyeelewa Kiswahili chetu chote na kutujibu kwa Kizulu. Dada akanipa machungwa sita. Sikufika hata nyumbani kwao. Kwenye kona ya barabara kuu nilimkuta mama amekaa nyuma ya meza ya sigara na kofia za mpira, na mtoto chini ya meza anatafuna hindi.

"Malume!" mtoto akaniita, yaani mjomba. Mashavu yamejaa, macho maangavu.

"Amepona leo asubuhi," mama akasema kabla sijauliza.

"Naona."

Akapanga sigara upya. "Kaka, tangu wageni waondoke nimeuza kofia mbili. Nikisema sina kazi, nalipia siku ambazo hakwenda. Nikimtoa kabisa, nafasi yake inachukuliwa, na kazi ikipatikana nitamweka wapi? Usimwambie Dada. Wiki hii tu."

Nilikuwa nimewadanganya maafisa wa mipaka mitatu. Huu niliuona uongo mdogo. Nikampa machungwa, na kabla sijageuka alikuwa ameshapanga matatu juu ya meza, kando ya sigara, ya kuuza.

Dada alinisubiri mlangoni na mwiko mkononi. "Anaendeleaje?"

"Afadhali."

"Ana homa?"

"Kidogo."

"Homa na nini? Anakohoa? Anaharisha?"

Hakuwa akinichunguza. Alitaka kujua atamwombea dhidi ya nini. Ningeweza kusema anakohoa. Lakini mimi nikianza kusimulia jambo hulitaka liwe na umbo. "Na vipele," nikasema. "Vidogo vidogo. Kifuani."

Mwiko ukashuka. Jioni ile Dada alisimama getini akamwambia kila mzazi aliyekuja kuchukua mtoto: kuna mwenzetu ana homa na vipele, mwangalieni wa kwenu vizuri. Angeweza kunyamaza. Najua walezi wa mtaa ule ambao wangenyamaza. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika viatu vya watoto, nikavigawa viwili viwili bila kuinua uso.

Asubuhi simu ikawaka. Jumbe mbili. Mbili. Mbili tena. Kufikia Ijumaa alikuja mtoto wa mlinzi peke yake, kwa kuwa baba yake hakuwa na mahali pengine. Wengine wote walikuwa wagonjwa, na mgonjwa halipi. Jumatatu mwenye nyumba alikuwa anakuja. Alikwisha kusema kodi ikichelewa tena, biashara ya watoto itatoka kwake. Bila ada za wiki ile, Dada asingeifikisha. Nilimwona amekaa kwenye kigoda cha mtoto, anamlisha yule mmoja, na sufuria ileile kubwa iko jikoni kwa mazoea.

Nikafunga begi. Sikupanga, mikono yangu ilijua kazi hiyo. Nikatoka kwa mlango wa uani, nikapita robot ya kwanza, kama wanavyoita huku taa za barabarani, na kwenye ya pili, taa ikiwa nyekundu, nikasimama. Sitajisifu. Nilisimama kwa sababu nilitaka kujua mambo yale yataishaje, na mtu aliyekwenda zake hasimuliwi mwisho. Nikarudi hadi kwenye kona ya kofia na kumweleza yule mama kilichotokea.

"Mimi nilisema anaumwa," akasema. "Vipele ni vyako."

"Ni vyangu."

"Vya nini sasa? Homa haikutosha?"

Mtoto alikuwa akijaribu kuingia ndani ya begi langu.

Nikaenda kumwambia Dada, begi likiwa mgongoni. Alinisikiliza akisuuza kikombe kimoja muda mrefu.

"Na hilo begi?"

"Nilikuwa naondoka."

"Basi nenda." Akakipindua kikombe juu ya kitambaa. "Lakini pitia kwanza kwa wazazi wote. Miguu unayo."

Jumamosi nzima nilitembea. Msusi mmoja, kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Eish, Mtanzania. Sasa wa kwangu nitasema amepona nini?" Mwingine aliniambia mlangoni: "Juzi umeona vipele, leo hujaviona. Nitajuaje uongo ni upi?" Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilidhani ukweli ukishasemwa unafanya kazi wenyewe. Hadi jioni hakuna aliyeniahidi kumleta mtoto. Walisema wataona.

Jumatatu nilifungua geti mapema. Baridi ilikuwa imechoma nyasi. Yule mama Mrundi alikuwa ameshafika, amesimama nje na mwanawe, bila meza, bila kofia. Sikuwa nimemwambia aje.

Wazazi wakaanza kufika, wengine na watoto, wengine wamekuja kuchungulia tu. Kila aliyekaribia, yule mama aliinama, akapandisha sweta la mtoto na fulana yake, akaonyesha tumbo na kifua.

"Tazama. Hakuumwa. Niliishiwa, nikadanganya."

Alisema maneno hayohayo kwa kila mmoja, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. Mtoto alikuwa akicheka kwa sababu ya vidole baridi, na alipoona watu wanamtazama akaanza kupandisha sweta mwenyewe, hata kwa wapita njia. Msusi aliangalia, akaangalia chini, akatoa pesa za siku zote alizotuma jumbe mbili na kuziweka mkononi mwa Dada bila maelezo. Mlinzi alicheka peke yake. Wawili wakageuza na watoto wao na hawakurudi tena.

Mwenye nyumba alipokuja saa nne, watoto watano walikuwa ndani wanagombania mpira. Alipewa kodi pungufu. Akazihesabu pesa, akasikiliza ile kelele, akasema iliyobaki ataifuata Ijumaa.

Dada hakumdai yule mama, wala hakumwambia haidhuru. Alimwambia tu, "Ukikosa kazi, tuma tatu. Tatu nitakupigia, salio langu."

Mimi hakuniambia kitu. Begi nilikuwa nimeliweka kando ya geti tangu asubuhi, nami nikingoja kufukuzwa au kuitwa. Mchana nilipolifuata, nilikuta watoto wawili wamelikalia, mmoja anaendesha taksi, mwingine abiria. Nikawaomba wanipe. Dereva akakataa. Nikakaa chini kungoja wafike.