Mchimba Makaburi Asiyemzika Rafiki Yake

Saa moja asubuhi, Idefonsi anachimba kaburi la tatu. Mvua ya jana imeufanya udongo mwekundu ung'ang'anie jembe. Pembeni amesimama mwanamke mkimbizi, kamkumbatia mtoto aliyefungwa ndani ya blanketi.

"Mtoto anaitwa nani, mama?"

"Nimpaye."

Idefonsi anaandika jina kwenye kibao kwa mkaa. Wenzake humcheka kwa kupoteza muda, maana jana pekee walichimba makaburi kumi na moja.

"Wacheke," anasema. "Mtu hafukiwi kama mbwa."

Ni mwenyeji wa Mabawe, ana miaka arobaini na mitatu, na anachechemea. Tangu wakimbizi wa Rwanda wamiminike Ngara mwaka huu wa 1994, riziki yake ni hii ya kuchimba makaburi kambini. Ukimwuliza habari za mguu, hugeuza maneno. Juzi hakugeuza.

Mwaka 1979 alikwenda vitani Uganda na jirani yake Philbert, aliyechunga naye mbuzi tangu utoto. Siku moja walishambuliwa katika shamba la mihogo, na Idefonsi akapigwa risasi ya paja.

"Philbert alinibeba mgongoni mpaka mtaroni. Akarudi, akamleta mwingine, naye akafia pale pale kando yangu. Nikamwambia, basi ndugu yangu, watakumaliza. Akasema, 'Mpishi wetu bado analia kule.' Akaenda. Hakurudi yeye, wala mpishi."

Kwa hiyo shahidi alibaki mmoja tu.

Kwao, wawili wakisafiri pamoja akarudi mmoja, huyo hapiti kwake kwanza. Huenda moja kwa moja kwa wazazi wa mwenzake, na vumbi lake miguuni, akaeleza yaliyotokea. Idefonsi alipotoka hospitali alipita kwake. Alimtamani mkewe, Deodata, basi. Asubuhi akaona haya kwenda kwa mama yake Philbert, na kesho yake haya zikazidi. Loo! Siku zikawa miezi, na kilabuni watu wakaanza kusema kwamba Philbert katoroka jeshi, kaoa huko huko Uganda.

"Niliyasikia kwa masikio yangu, nikanyamaza," anasema, macho yamemwiva. "Mimi niliyebebwa! Nikainywa pombe yao, nikanyamaza."

Miaka kumi na tano hiyo. Priscila, mama yake Philbert, hakuwekewa hata matanga ya mwanawe. Pasipo maiti, desturi inaruhusu kuzika shina la mgomba badala ya marehemu, lakini ukoo ulikataa. Mtoro hazikiwi mgomba, walisema. Leo Priscila ana miaka zaidi ya sabini, miguu imevimba, na wa zahanati wamewaambia jamaa wajiandae.

Kilichomfungua Idefonsi mdomo ni jembe lenyewe. "Kila siku nazika watu nisiowajua, kila mmoja na kibao chake. Aliyenipa uhai hana hata tuta."

Jumapili iliyopita alikwenda kwa Priscila. Alimkuta bibi huyo amelala mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa, Idefonsi."

Akapiga magoti, akasema yote. Priscila hakulia. Aliuliza jambo moja tu: siku ile, mwanawe alikuwa amekula?

"Alikula, mama. Maharage. Aliyapika yule mpishi."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia: "Mimi nimekusikia. Lakini si mimi niliyemwita mtoro. Nenda ukawaambie wao."

Ndiyo kazi iliyobaki, na ni nzito kuliko udongo wowote. Jumamosi ukoo utakutana uani kwa Audax, mdogo wake Philbert. Audax amekwisha kuapa kwamba mtu aliyemwacha kaka yake atukanwe miaka yote hiyo hatampa mkono. Deodata anamsihi mumewe asiende, maana watu wana hasira. Idefonsi anasema ataenda, na atasimama katikati yao aseme nani alibeba na nani alibebwa.

Anachoomba kwa Mungu ni Priscila afike hiyo Jumamosi akiwa hai, asikie jina la mwanawe likisafishwa mbele za watu.

"Wakinipiga, wanipige," anasema. "Ila wakishamaliza, wakate mgomba."