Malaria ya Bwana Stanislas

Bwana wangu Stanislas ni fundi wa nguo hapa Kamalondo, na pia ni munganga. Udaktari hakuusoma, lakini hilo halijawahi kumzuia. Kwake kila homa ni malaria, basi chandarua chetu kinakaguliwa kila jioni kwa ukali kuliko mizigo ya mpakani Kasumbalesa.

Mchana je? Mchana mheshimiwa anakaa kwenye mashine yake, ubavuni mwa pipa la maji lililo wazi, ambamo analowesha vitambaa kabla ya kuvikata ili visije vikarudi. Maji yenyewe ya wiki mbili. Nikimwambia afunike, ananijibu: "Mama Chancelvie, mbu ya malaria inauma usiku. Hii ya muchana iko ya kucheza tu."

Wiki tatu kabla ya ndoa ya Chancelvie, binti yetu wa pekee, hiyo ya kucheza ikamwangusha bwana wangu. Homa ghafla, kichwa, upele kifuani, vidole na magoti yamevimba. Na gauni la harusi, ambalo aliapa tangu mtoto yuko tumboni kwamba halitashonwa na mwingine, lilikuwa bado vipande mezani.

Akameza dawa za malaria. Kituo cha afya wakampima: hana malaria. "Kipimo yabo imeharibika," akasema. Wakampima tena, hana. "Malaria yangu inajificha." Eti inajificha! Sijui ilimwogopa nani.

Munganga wa kweli, Mama Mwaba, akavitazama vidole, akauliza kama nyumbani kuna maji yanayokaa wazi. Nilijibu mimi, haraka sana. Mungu anisamehe, nilifurahi. Damu ikapelekwa maabara kubwa, jibu likarudi: chikungunya, virusi vinavyoletwa na mbu wa mchana. Dawa ya kuviua hakuna. Apumzike, anywe maji, atulize maumivu.

"Na vidole?" Stanislas akauliza.

"Wiki kadhaa, papa. Pengine miezi."

Furaha yangu ikaniishia palepale. Gauni akalishona jirani yetu Kasonde.

Asubuhi ya ndoa Stanislas akapiga magoti kukagua pindo. "Hapa imepinda," akasema. Halikupinda popote. Akataka kusimama, magoti yakakataa. Chancelvie akakaa chini naye, na gauni lake jeupe, akavishika vile vidole.

"Papa, nikizala mutoto, nguo ya batizo utashona weye."

"Kasonde asiiguse," akasema bwana wangu, akilia waziwazi.