Maua Meupe ya Baba Mkwe

Nikiikumbuka Alhamisi ile kabla ya Pasaka, hushusha pumzi hadi leo. Mvua isingenyesha vile ilivyonyesha, baba mkwe wangu angeendelea kutuficha mpaka giza limfunike kabisa, na sisi tungeendelea kumsifu kwamba mzee bado ana mkono.

Mkono anao kweli. Ni fundi cherehani huko Masukulu, na kila Pasaka ndiye anayeshona maua ya kanisani: maua meupe ya satini yenye moyo wa njano, yanayofungwa kwenye kamba na kuzungushwa madhabahuni na juu ya mlango. Pasaka kwetu huku hutukuta katikati ya mvua kubwa, na ua la kweli ukilichuma asubuhi, jioni limeshalegea. Ya mzee hayalegei. Yeye hukata petali na kuzipiga cherehani, mimi nazigeuza, natia vipande vya nguo kuukuu ndani yake, nazifunga kwa mkono ziwe ua. Kazi hiyo nimeifanya tangu nilipoolewa.

Shida ni kwamba mimi na yeye hatuonani. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Singida. Nilipangiwa kufundisha Tukuyu, nikapata mume hapa hapa, na kwa wazee wa Kinyakyusa baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Nikimsikia anakohoa njiani, najitanda kanga na kumpisha. Vijana wengi wameshaachana na mambo hayo, lakini mzee wangu hajaachana nayo, nami niliamua kumheshimu. Mwanzoni nilinuna sana. Nilidhani hanipendi. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, angekuwa hakupendi, angejisumbua hivyo?"

Basi kila likizo ya Pasaka nikiwa kwao, tulikuwa tunashona ua moja watu wawili bila kuonana. Yeye sebuleni, cherehani yake karibu na dirisha, mimi chumba cha nyuma, ukuta mmoja katikati yetu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akipita na ungo: analeta petali, anarudisha maua, na maneno anayabeba pia. "Baba yako anasema moyo wa njano umezidi ukubwa." "Mwambie baba njano ndiyo hiyo hiyo ya mwaka jana." Anakwenda, anarudi, na naamini njiani alikuwa akiyapunguza makali, yangu hasa.

Mwaka huo petali zilianza kunifumukia mkononi. Nageuza moja, mshono umetoka nje ya kitambaa. Nageuza nyingine, vivyo hivyo. Nilidhani mzee ana haraka, maana kwenye kamati ya kanisa kulikuwa na watu waliotaka maua ya plastiki kutoka Mbeya, nao walikuwa wakimkumbusha kila mara kwamba siku zinakwenda. Kisha ungo ukaja na vipande vya njano vya moyo vimeshonwa pamoja na petali nyeupe. Hapo haikuwa haraka tena.

Nilimuuliza mama mkwe kwa sauti ya chini kama baba anaona vizuri. Akainama kuokota uzi ambao haukuwepo chini. "Uzee tu," akasema. Nilipata hofu ya kweli. Bibi yangu kule Singida naye alisema ni uzee tu, mpaka akawa anashikwa mkono kwenda chooni, na daktari alipomwona akasema mngewahi. Lakini mzee huyu nani amwambie? Mume wangu, ambaye kazi yake iko Mbeya, alishajaribu mara moja. Alijibiwa kwamba macho ya baba yake yanatosha kuona nani ana adabu na nani hana.

Alhamisi hiyo asubuhi simu ikapigwa kutoka Kiwira: msiba kwa ndugu wa mama mkwe. Akajifunga kanga mbili harakaharaka. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni kwangu kama mtu mwenye neno, halafu akasema tu, "Msaidie baba yako," akaondoka. Nikabaki najiuliza nimsaidieje mtu nisiyeruhusiwa hata kumwona.

Cherehani iliimba kidogo, ikanyamaza. Nilisikia mzee akisonya. Nikamsikia analamba uzi, anasonya, analamba tena, anasonya tena. Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikiendelea nyumba ile: mama mkwe hakuwa anabeba ungo tu. Ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano ya cherehani, nani ajuaye tangu lini, na wote wawili walikuwa wamefunga midomo.

Baadaye nikasikia sauti. "Paka," mzee akasema, kwa heshima kabisa, "sindano hii leo ina kiburi."

Paka alikuwa miguuni pangu, amelala; maneno yale yalikuwa yangu. Nikapiga moyo konde. "Paka," nikasema, "mwambie baba mimi naweza kuitunga, ila yeye yuko hapo."

Mzee akajibu: "Paka, mimi natoka kidogo kuangalia migomba."

Akatoka kwenye mvua! Nilijitanda, nikaingia mbio sebuleni, nikatunga uzi, nikarudi. Akaingia, akashona. Uzi ukakatika. "Paka, kuna mgomba sikuuangalia vizuri." Akatoka tena. Kila uzi ulipokatika mzee alishikwa na hamu ya kukagua shamba, na kila aliporudi nilisikia maji yakimchuruzika sakafuni. Nilicheka kwanza. Baadaye nikakasirika. Mzee wa umri ule anajitafutia homa ya mapafu kwa sababu ya uzi! Na petali zilizokuja, nilizozichukua mwenyewe mezani alipokuwa nje, bado zilikuwa zinafumuka.

Mchana mvua ikashuka kama imetumwa. Bati lilipiga kelele mpaka hatukusikiana, mimi, yeye na paka. Cherehani ikanyamaza. Nikangoja mlango ufunguke, haukufunguka. Nilijua amechoka. Nilijua pia kwamba akiacha sasa, plastiki itapanda madhabahuni Jumamosi na yeye hatakigusa tena kitambaa, na hilo la macho litazikwa humo humo. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikiwa na kanga usoni, nisijue niingie au nirudi.

"Mkamwana," akasema.

Si paka. Mimi.

"Ingia, mwanangu, utunge uzi. Mimi nimefumba macho." Akaongeza, "Na hata nikiyafumbua, sikuoni."

Niliingia. Alikuwa amekaa ameelekea ukutani, koti limemganda mgongoni kwa maji. Nilitunga uzi, machozi yakinidondokea kwenye satini nyeupe. Nikamwambia mgongo wake, "Baba, twende hospitali." Sikuyapitisha maneno kwa mtu wala sikuyapunguza makali.

"Baada ya Pasaka," akasema. "Nimalize maua kwanza." Kisha, kama mtu aliyetua mzigo, akanishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga, mwanangu."

Tulishona hadi jioni. Mimi nilikalia cherehani, yeye alikwenda chumba cha nyuma na kufunga maua kwa vidole, akipapasa kila petali, na kazi ya vidole vyake ilikuwa safi kuliko yangu. Jumamosi mume wangu alifika, akayapandisha maua kanisani. Mama mkwe aliporudi kutoka msibani alitutazama, mmoja mmoja, akaelewa kwamba siri imetoka, akaketi chini na kuanza kulia, akisema alikuwa amechoka kuficha. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimefurahi mno.

Hospitalini walisema ni mtoto wa jicho, tena wa kuondoka kwa upasuaji. Sikwenda naye, isingefaa. Mzee alisindikizwa na mwanawe na mama mkwe, mimi nikabaki Tukuyu nikifundisha hesabu bila kujua nafundisha nini. Mume wangu alipiga simu kusema bandeji imetolewa. "Anaonaje?" nikauliza. Akasema mzee hasemi, anatazama tu.

Shule zilipofungwa nilikwenda Masukulu na mfuko wangu wa nguo. Nilikuwa bado mbali na nyumba, napanda kilima chenye mashamba ya chai pande zote, nilipomwona mzee anashuka peke yake, hana fimbo. Nilikuwa nimejitanda nusu, mvua imeacha, nikatafuta pa kumpishia. Sikuwahi. Mzee alisimama ghafla, akainua kiganja juu ya macho, akanitazama, akageuka na kuzama kwenye chai mpaka kiunoni, akinipa mgongo.

Alikuwa ameniona.