Dereva wa Chanjo na Kengele Isiyobembelezeka

Saa sita mchana, jua la utosi, dereva ambaye wenzake humwita Jokofu amesimamisha gari la chanjo nyuma ya hospitali. Juu kavaa koti zito, chini kandambili. Kebini, kijisanduku kinalia.

"Kinalia kuliko mtoto aliyenyimwa ziwa," anasema. "Na hakibembelezeki."

Kinachokiliza ni kihisi joto, kidude kama punje ya dengu kilichobanwa kati ya maboksi. Kina mipaka miwili: chini ya nyuzi mbili chanjo huganda, juu ya nane huharibika. Mpaka ukivukwa, kengele inalia kwake na ofisini kwa pamoja. Joto likirudi saba na nusu bado hainyamazi. Inangoja lifike saba.

"Mama mkwe huyo," anacheka. "Akishanuna, samahani moja haimtoshi."

Utani unaishia hapo. Mashine ya ubaridi imezeeka, ameiripoti mpaka amechoka, lakini ofisi huhesabu vilio kwa dereva, si kwa mashine. Alishaambiwa: kikilia tena, kabidhi funguo.

Mtunza stoo anafungua mlango, anafuta mdomo.

"Jokofu, leo tena umetuletea muziki?"

"Kaka, nimegonga mpaka vidole vimekufa ganzi."

"Kwani mtu asile?"

"Ule tu. Wa kulala njaa ni mimi."

Dawa ya kengele anaijua. Baadhi ya wenzake hutumbukiza kihisi kwenye chupa ya maji baridi. Ofisi inaona nyuzi nne za raha, huku maboksi yanachemka. Hao hawajawahi kuonywa.

"Wananiuliza, huo ukweli wako watoto wataula na nini?"

Anamgeukia mtunza stoo. "Haya maboksi yamepata joto. Usiyapokee mpaka yakaguliwe."

"Unajichongea, ndugu yangu."

"Nilishachongwa."

Simu inaita. Anaitika "ndiyo, bosi" mara tatu, kisha anachomoa ufunguo wa gari. Gari, anasema baadaye, atapewa mmoja wa wale wa chupa.

Yeye ataomba lori la mchanga; mchanga hauozi. Lakini wiki ijayo kitinda mimba wake anachomwa chanjo hospitali hii hii.

"Naomba kitu kimoja," anasema, akivua koti. "Kama kuna sababu ya kulia siku hiyo, kengele waiache ilie."