Mabawa Kumi na Nane, Mwili Kumi na Nane

Katika daftari langu la zamani kuna ukurasa wenye mistari miwili tu: "Mabawa kumi na nane. Mwili kumi na nane." Siku nilipoiandika nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Leo naisoma kwa aibu kidogo, lakini nilishaiahidi nafsi yangu kwamba sitachana ukurasa wowote, basi bora niueleze.

Mie nilikuwa mshona kanzu Temeke, enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya pili. Nilikaa na cherehani ya kukodi kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yangu akipumua. Labda alipumua kama watu wengine wote, na aliyechoka nilikuwa mimi. Kuchoka nilichoka kweli. Nilishona kanzu ileile miaka saba, kilichobadilika ni tumbo la mvaaji tu.

Rafiki yangu alikuwa seremala, Mnyamwezi, mrefu kama mlingoti. Mie Mzaramo, na urefu wangu ni habari nyingine. Sie ni watani, kwa hiyo hatukuwahi kusalimiana bila kutukanana. Siku moja alikuja barazani mbio, vumbi la mbao kichwani.

"We mtani, acha hayo magunia unayoshona. Mzungu wa kiwanja cha ndege anatafuta fundi wa nguo za mabawa."

Alikuwa ametengeneza milango ya banda la eropleni, ndiyo maana alijua. Eropleni za siku hizo zilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, nguzo ndogondogo katikati, na yote yamevishwa kitambaa. Watu wa kwetu waliziita eropleni za ghorofa. Kitambaa kikichanika kilishonwa kwa mkono, kikapakwa dawa yenye harufu kali ya kukikaza, kisha rangi. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo alikuwa amehamia Tanga. Mzungu alisema anayeitaka alete kazi ya mkono wake Jumamosi ya pili.

"Nitapeleka kipande cha kitambaa cha bafta nilichoshona vizuri," nikasema.

"Kila mshona kanzu wa mji huu atapeleka kipande cha bafta. Wewe utapeleka eropleni."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwa haki kabisa, wazo la kutengeneza eropleni ndogo ya mfano lilikuwa lake, na lilikuwa wazo zuri. Usiku ule sikulala vizuri kwa jinsi nilivyoitaka ile kazi.

Kesho yake tulikwenda wote kiwanjani, mie nimebeba boksi la misumari nijifanye msaidizi wake. Mzungu alipokwenda kunywa chai tukaipima eropleni. Futi la seremala lilikuwa fupi mno kwa mnyama yule, tukaona tutumie dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, kama wazee wetu walivyopima nguo. Dhiraa moja itakuwa inchi moja kwenye yetu. Hesabu nyepesi, hata kwangu niliyeishia darasa la tatu. Yeye akapima mabawa kwa kuwa aliyafikia. Mie nikapima mwili, toka pua hadi mkia, nikitambaa kwenye majani.

"Mabawa kumi na nane!" akanong'ona.

"Mwili kumi na nane!" nikajibu.

Tukapeana mikono. Tuliona Mungu ameturahisishia, namba moja tu ya kukumbuka.

Yeye alichonga mifupa ya eropleni kwa mbao laini za sanduku la chai na fito za mwanzi. Kazi safi, siwezi kusema vingine. Mie nikashona nguo za mabawa yote manne, nikayavisha. Dawa ya kukazia sikuwa nayo, wala sikuthubutu kuiomba, nikatumia nilichokijua: wanga wa muhogo, ule tunaotia kanzu. Ulikaza vizuri ajabu. Ukigonga bawa kwa kidole lilikuwa linalia kama ngoma ya kidumbaki. Nikayaweka juu ya kabati yakauke.

Asubuhi mende walikuwa wamekula bawa la juu la kushoto. Si kulitoboa tu. Walikula wanga, wakala na bafta iliyoshika wanga, wakaacha mifupa misafi kama samaki aliyeliwa na mtu mwenye adabu.

"Wamekuachia matatu," mke wangu akasema. "Wangeweza kula yote."

Ilikuwa Alhamisi, na nilikuwa na kanzu sita za harusi za kumaliza. Mke wangu alikuwa mshona kofia, zile za kutoboatoboa na kudarizi kwa mkono, kofia moja miezi miwili. Hakuniuliza. Alikunja miguu mkekani, akachukua bafta na uzi, na jioni bawa la nne lilikuwa limevaa. Nikayapaka yote rangi palepale kabla mende hawajapata habari: rangi ya fedha ya kupakia matangi, mwili nikaupaka buluu. Brashi iliteleza kidogo karibu na mkia, lakini kwa mbali huoni.

Ilipokauka, nikaiweka katikati ya uwanja wa nyumba, mtani akasimama mikono kiunoni. Mke wangu akaitazama, akaizunguka, akaitazama tena.

"Mbona kama kenge?"

"Kenge yupi?" mtani akauliza.

"Zinazopita hapa juu zimekaa kama mtu aliyetanua mikono. Hii imerefuka, imetangulia kichwa kama kenge anayetoka kisimani."

Tukapima. Mabawa inchi kumi na nane, mwili inchi kumi na nane, barabara. Tukatazamana. Kisha mke wangu akasema, kwa upole unaoumiza, "Hebu wekeni mikono pamoja."

Tukaweka viwiko juu ya kinu, mkono kwa mkono. Kidole chake kilikipita changu kwa upana wa vidole vinne na ziada. Dhiraa yake ilikuwa ya Tabora, yangu ya Temeke.

"Nilijua!" mtani akapiga kelele. "Nyie Wazaramo mikono mifupi, maana hamjawahi kuinyoosha kupokea kazi!"

"Na nyie imerefuka kwa kushikilia mizigo kichwani toka bara hadi pwani! Babu zako ndio waliotuharibia eropleni!"

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na sioni nani wa kulaumiwa. Mkono wangu ulipima kwa uaminifu, na wake pia. Tungepima wote kwa mkono wa mmoja, hata mfupi, isingetoka kenge. Lakini gundi ilishakauka, na Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Tuliibeba kwenye kitambaa cheupe kama maiti ya mtoto. Mzungu aliifunua, akaitazama, akageuka kutazama eropleni ya kweli iliyokuwa nyuma yake, akarudi kwa yetu. Masikio yake yakawa mekundu. Nilidhani amekasirika, kumbe anazuia kicheko. Akashindwa.

"Nani pima hii?"

"Wote, bwana," tukasema.

Alipomaliza kucheka akavaa miwani, akainua kenge wetu juani na kuanza kutazama mishono. Bawa la kwanza akasema "mm." La pili "mm." La tatu akalipita. La nne, lile la juu la kushoto, akalisogeza karibu na pua, akapitisha ukucha juu ya mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Hii! Hii nataka. Wewe shona hii?"

Mtani akanikanyaga mguu. Nilielewa alichokuwa anasema kwa mguu ule. Neno lenyewe lilikuwa dogo, "ndiyo", na nani angejua? Nitakuwa mwongo nikisema sikulikaribia. Lakini akilini nilimwona mke wangu kakunja miguu mkekani, na nikajiuliza: kesho akinipa bawa la kweli nishone, mshono huu nitautoa wapi?

"Mke wangu, bwana. Mie nilishona yale matatu."

Mtani akaondoa mguu, akatazama angani kama anatafuta ndege nyingine.

Mzungu akavua miwani. "Basi nataka mke." Akafikiri. "Hapana. Mwanamke, wakubwa watakataa." Akanirudishia eropleni. "Mwezi moja. Leta bawa kama hii. Mkono yako."

Mwezi mzima nilikaa mkekani na wanawake wa kofia, jirani zetu wanne, mie chini yao wote kwa cheo. Kila alfajiri nilishona kabla ya kwenda barazani, na kila jioni nikirudi.

"Mshono wako una haraka," mke wangu alikuwa akisema. "Nani anakufukuza?"

"Miaka saba ya cherehani," nikajibu.

"Fumua."

Nilifumua. Siku ya ishirini na kitu, mmoja wa wale jirani alitazama kazi yangu akasema, "Ah, sasa anafanana na msichana wa miaka tisa." Wote wakakubali kwamba hiyo ni sifa, nami nikaipokea.

Nilipopeleka lile bawa, mzungu alilitazama juani muda mrefu.

"Mke?"

"Mimi, bwana."

Hakuniamini. Simlaumu, kwani mwezi uliopita nilikuwa nimeshamwonyesha mishono yangu mitatu. Akanipeleka bandani, akanionyesha mpasuko wa shubiri moja chini ya bawa la kweli, akanipa sindano iliyopinda. Nikashona nimesimama, shingo juu, jasho likiingia machoni, huku yeye amesimama nyuma yangu. Alikuwa anapumua. Nilijiambia: ana haki ya kupumua.

Nilipofunga uzi, akapitisha ukucha. "Kesho saa moja," akasema, akaenda zake.

Nilikwenda nyumbani mbio. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akauliza nilifungaje uzi.

"Kwa fundo, nikakata kwa meno."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Akatikisa kichwa. "Kesho chukua mkasi," akasema, akaenda kunitafutia.