Soketi ya Barazani

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bariadi, Fundi Mkuu hakunipa hata bisibisi. Alinisimamisha mbele ya nyumba ya mteja akauliza, "Umeme ukikatika, humu ndani nini hakitakiwi kuzimika?"

"Taa," nikajibu.

"Umemuuliza nani? Waulize wenyewe, ndiyo uhesabu betri!"

Kazi yenyewe ni hii. Mchana sola inalisha nyumba na kuchaji betri. Inveta inageuza umeme wa betri ufae vyombo vya nyumbani. Jenereta inaamshwa mawingu yakizidi, na katikati kuna chenjiova, swichi ya kuchagua umeme mmoja ili miwili isikutane. Ikikutana, inveta kwaheri.

Baadaye Msimamizi wa Kanda alinihamishia Mwandoya. Huko mfugaji mmoja, Masanja, aliniita. Mama yake, Mayu Nkwimba, mapafu yalikuwa yamechoka, akipumulia mashine ya oksijeni. Nikauliza swali lile la Fundi Mkuu.

"Mashine ya mama," akasema Masanja.

"Na simu za majirani," akadakia Mayu kitandani.

Basi nikaweka soketi barazani. Loo! Bodaboda wote wa senta wakahamia pale: simu, redio, hadi mashine ya kunyolea. Nilipopita kukagua nikakuta betri imeshuka vibaya, nikakasirika kwelikweli.

"Mayu, hawa wanakula pumzi yako! Naing'oa hiyo soketi."

"Thubutu! Mtu kanisalimia vizuri, nimnyime umeme? Nikibaki napumua peke yangu, nitaongea na nani?"

Nikashindwa. Nikaitengea mashine waya wake na betri yake peke yake, nikaondoka nikinung'unika.

Masika ikaja. Umeme wa gridi ukakatika, mawingu yakaganda siku kadhaa, betri zote zikaisha. Masanja akaniita. Nilikuta jenereta inakohoa; ikazima mbele yangu. Petroli imekwisha, na mto umefunga barabara ya kwenda sheli. Mashine ikaanza kupiga king'ora. Niliogopa, sifichi.

Masanja akatoka hadi barazani akawaambia bodaboda waliozoea kushinda pale. Wakachomoa mipira ya mafuta ya pikipiki zao, wakakinga petroli kwenye chupa za soda, wakaileta. Jenereta ikaamka, mashine ikanyamaza kulia.

Mayu alipopata pumzi akanigeukia, akaonyesha barazani. "Fundi, na betri hii uliihesabu?"

Sasa nimestaafu, nalima pamba Dutwa. Vijana huja na michoro yao, wananiuliza kama betri zinatosha. Nawauliza kwanza soketi ya barazani iko wapi.